Mfumo Mwepesi, Kompyuta Nzito: Uhakiki wa Lugha ya Maelekezo katika Karagwe na Kyerwa

Katika kazi ya kuunda istilahi imezoeleka kwamba neno hupimwa mezani, na watu walewale walioliunda, kwa kulilinganisha na maneno mengine yaliyomo katika orodha ileile. Likionekana lina umbo la Kiswahili, na halikugongana na neno jingine la taaluma hiyo, hupitishwa. Kipimo hicho si kibaya, ila hakitoshi. Kipo kipimo cha pili, nacho ni kuliangalia neno likiwa kazini, mikononi mwa mtu asiye na orodha yoyote mbele yake, mwenye kifaa kilichomshinda na fedha kidogo ya kukirekebishia. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno machache ya kompyuta kwa kipimo hicho cha pili.

Mahali tulipochagua ni wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hizi mbili zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, na wenyeji wake wengi huanza na Runyambo nyumbani kabla ya kukutana na Kiswahili cha shuleni. Huko, kama ilivyo katika wilaya nyingi za nchi yetu zilizo mbali na miji mikubwa, kompyuta iliyokwisha kutumika kwingineko ndiyo kompyuta ya kawaida. Utaikuta katika ofisi ya mwalimu mkuu, katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, na katika duka la kupiga chapa na kunakili. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai ramu isiyopungua GB 4 pamoja na chipu ya usalama ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Basi si ajabu kwamba mafundi na walimu wengi wameigeukia mifumo ya familia ya Linux ambayo haina madai makubwa: Lubuntu, Xubuntu, Linux Mint yenye sura ya Xfce, na antiX.

Pamoja na mifumo hiyo huja karatasi za maelekezo. Ni kurasa mbili au tatu za Kiswahili, hazina jina la mwandishi, zimenakiliwa mara nyingi hata herufi zimefifia, nazo zinaeleza namna ya kuipa kasi kompyuta iliyo polepole. Tumezisoma kadhaa zilizotufikia kutoka Kayanga, Omurushaka na Nkwenda. Tunasema mapema kwamba uhakiki huu hauwalengi waandishi wa karatasi hizo. Wao wamefanya jambo ambalo taasisi kubwa hazijalifanya, yaani kuieleza kazi ya fundi kwa lugha ya taifa, na maneno wanayoyatumia ni yale waliyopewa na vitabu na orodha za istilahi. Kama neno limewapotosha wasomaji wao, wa kuulizwa ni neno.

Yapo mengi ya kusifu. Kitenzi *kusasisha*, kilichoundwa kutokana na *sasa*, kimetumiwa katika karatasi zote tulizoziona bila maelezo yoyote, na hatukukutana na msomaji aliyekwama kwacho. *Kivinjari* nacho kimekaa. Kwa kompyuta iliyoacha kuitikia, karatasi moja ilijaribu kusema kuwa imening'inia, tafsiri ya neno kwa neno ya lugha ya kigeni. Nyingine zote zilisema *imeganda*, kama wasemavyo watu wote, na hapo hapana haja ya kamati kukutana. Maji huganda, mafuta huganda, na mashine iliyoganda kila mtu anaiona.

Taabu inaanza katika neno ambalo kwa sikio ni zuri kuliko yote: *mfumo mwepesi*.

Kivumishi -epesi katika Kiswahili kina upana usio wa kawaida. Mzigo mwepesi hauna uzani mkubwa. Mtihani mwepesi si mgumu. Uji mwepesi hauna unga wa kutosha. Mtu mwepesi wa kukimbia ana kasi, na mwepesi wa kusema hasubiri kuulizwa. Kinyume chake, -zito, kina upana uleule, na katika mazungumzo ya siku hizi kompyuta nzito ni kompyuta iliyo polepole. Msomaji anayeambiwa kwamba kompyuta yake nzito itatibiwa kwa mfumo mwepesi anaelewa, kwa haki kabisa ya lugha yake, kwamba anauziwa kasi. Tena wako waliodhani kuwa mfumo huo ni mwepesi kujifunza, na hao walishangaa zaidi.

Kumbe anachopewa si kasi. Mfumo wa aina hii ni mwepesi kwa maana moja tu: wenyewe hautumii ramu nyingi wala hauilazimishi prosesa kuchora mapambo ya skrini. Lubuntu, kwa mfano, iliacha mwaka 2018 sura yake ya zamani ya LXDE ikachukua LXQt, na zote mbili zilichaguliwa kwa sababu ya udogo wa mahitaji yake. Lakini kivinjari kinachofunguliwa ndani ya Lubuntu ni Firefox ileile inayofunguliwa kwingine, na kurasa za siku hizi hudai ileile kadiri ya ramu. Baiskeli ni nyepesi kuliko lori. Ukiipakia mikungu minne ya ndizi na kuielekeza kilimani, itapanda kwa mwendo wa mikungu. Mwalimu aliyebadilisha mfumo asubuhi, akafungua kurasa kumi za kivinjari mchana, na kuikuta kompyuta imeganda kama jana, hakufanya kosa. Alilisoma neno kama lilivyo katika Kiswahili.

Hatupendekezi neno hili lifutwe, kwa kuwa limekwisha kuenea na badala yake huenda pakaja neno refu lisilotamkika. Tunapendekeza liwekewe mpaka: *mfumo mwepesi kwa ramu*, angalau mara ya kwanza linapotajwa katika maelekezo yoyote, na neno *kasi* liachwe kwa jambo lake lenyewe. Watu wetu hawana taabu na mpaka wa namna hiyo. Wanajua tangu zamani kutofautisha gari lisilokula mafuta na gari lenye mbio, na hawajapata kuuziwa moja wakidhani ni jingine.

Tumekwisha kulitumia neno *ramu* mara kadhaa bila kuomba radhi, na wasomaji wa jarida hili wenye jicho kali watakuwa wamekwisha kukasirika. Orodha nyingi zinasema *kumbukumbu*. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu, nasi tunaomba subira.

Kumbukumbu katika Kiswahili ni neno la vitu vinavyobaki. Kumbukumbu za mkutano huandikwa ili yaliyosemwa yasipotee baada ya wajumbe kutawanyika. Siku ya kumbukumbu ya marehemu huwekwa ili jina lake lisizikwe pamoja naye. Serikali ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kazi yake ni kutunza. Wakristo wanacho kitabu kizima cha Kumbukumbu la Torati. Katika matumizi yote haya neno linaahidi jambo moja, kwamba kilichowekwa hapo kitakutwa hapo kesho.

Sasa tuiangalie sehemu ya kompyuta iliyobandikwa jina hilo. Ni mahali ambapo mashine huweka kile inachokifanyia kazi wakati huuhuu, na umeme ukikatika hapabaki kitu. Hakuna mpiga chapa wa Karagwe asiyejua hili kwa uchungu: barua ambayo haikuhifadhiwa hupotea yote pindi umeme unapoondoka. Sehemu inayosahau kuliko zote katika mashine ndiyo iliyopewa jina la kukumbuka. Na sehemu inayokumbuka kweli, yaani diski, imeachwa na majina mengine. Lugha zilizotupa mfano huo zina historia yake, nazo zimekwisha kuzoea. Sisi hatukulazimika kuirithi.

Mtu anaweza kusema kwamba huu ni ubishi wa wanaleksika. Si hivyo. Katika shule moja ya sekondari wilayani Kyerwa tulielezwa habari ifuatayo. Kompyuta tatu za shule, kila moja ikiwa na ramu ya GB 2, zilikuwa zimebadilishwa mfumo kufuata karatasi ya maelekezo, na bado zilikuwa zikiganda. Karatasi ilishauri kwamba hali hiyo ikiendelea, kumbukumbu iongezwe. Shauri hilo lilikuwa sahihi kabisa kwa maana ya mwandishi. Walimu wakakaa, wakalifikiri, wakaamua kama Mswahili yeyote angeamua: kumbukumbu ni pale vitu vinapotunzwa. Fedha iliyokuwa imetengwa ikanunua diski tatu kubwa za kuzunguka, za GB 500 kila moja, kutoka mjini. Zilifungwa, mfumo ukawekwa upya, na kompyuta zikaendelea kuganda zikiwa na nafasi kubwa tupu. Muuzaji hakudanganya, fundi hakudanganya, na fedha ya mwaka ule ilikuwa imekwisha.

Kuna mkanganyiko mwingine mdogo wa jamii hiyohiyo. Katika simu, *memori* kwa watu wengi ni ile kadi ndogo ya kuhifadhia picha na nyimbo. Kwa hiyo hata yule anayelitafsiri neno kumbukumbu kwa muuzaji wa duka huwa amelipeleka palepale penye makosa, na mjumbe aliyeandikiwa kijikaratasi cha kumbukumbu ya GB 4 anaweza kurudi na kadi ya simu au flashi, tena kwa bei nafuu iliyomfurahisha.

Yafaa tueleze kwa nini diski kubwa haikusaidia, maana maelezo hayo ndiyo yatakayotuonyesha ni maneno gani tunayahitaji. Ramu inapojaa, mfumo huchukua sehemu ya vilivyomo na kuvihamishia kwa muda kwenye diski, kisha huvirudisha vinapohitajika. Diski ya kuzunguka huchukua takriban milisekunde 10 kulifikia jambo inaloulizwa. Ramu huchukua takriban nanosekunde 100. Tofauti hiyo ni ya mara laki moja. Ndiyo maana taa ya diski huwaka bila kupumzika na kishale cha skrini kikaacha kuufuata mkono. Ukubwa wa diski hauingii kabisa katika hesabu hii, isipokuwa pale diski ya zamani ilipokuwa imekaribia kujaa. Mkulima wa kahawa ataelewa haraka: mwenye jamvi dogo la kuanikia, akiijenga ghala yake ikawa kubwa mara tatu, kahawa yake haitakauka mapema zaidi. Atashinda akiibeba kutoka ghalani kuileta jamvini na kuirudisha.

Diski aina ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka, ingekuwa habari nyingine, kwa kuwa inalifikia jambo takriban mara mia upesi kuliko ile ya kuzunguka. Kwa fedha ileile shule ingeweza pengine kununua ndogo za aina hiyo na kuona nafuu kubwa, hata bila kugusa ramu. Lakini karatasi ya maelekezo ilizitaja diski zote kwa jina moja.

Pendekezo letu ni hili. Diski, flashi na kadi ziitwe *hifadhi*, neno ambalo tayari linaeleweka na linasema kweli. Ramu iitwe *ramu*. Neno *kumbukumbu* liondolewe kabisa katika maelekezo ya ufundi wa kompyuta, lirudi kwenye mikutano na nyaraka ambako linafanya kazi yake kwa heshima.

Tunajua pingamizi. Itasemwa kwamba kanuni inatutaka tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tubishe hodi ughaibuni; na kwamba katika mkoa huohuo wa Kagera tulipata neno *ngeli*, lililotoka katika Kihaya na sasa halina mshindani katika sarufi yetu. Kanuni hiyo tunaiheshimu. Lakini ngeli ilifaulu kwa sababu haikuwa na mtu wa kumpotosha: Mswahili wa Tanga au Lindi hakuwa na maana nyingine ya neno hilo kichwani. Kumbukumbu ina maana nyingine, tena yenye nguvu. Neno geni lisilo na maana ya awali ni afadhali kuliko neno letu lenye maana inayopingana na kitu. Na ramu si geni tena. Uliza duka lolote linalouza vifaa hivyo, iwe Bukoba au Mwanza, utajibiwa kwa swali la pili la maana: ni ya DDR2, DDR3 au DDR4? Maana vizazi hivyo haviingiliani, na neno linalomfikisha mnunuzi kwenye swali hilo limekwisha kumlinda nusu ya fedha yake.

Isitoshe, historia ya karibu inaonyesha kwamba neno hupata nguvu kwa kuambatana na kitu chake. *Kishikwambi* lilikuwa neno la kuchekwa hadi vifaa hivyo vilipotumika katika Sensa ya mwaka 2022 na baadaye kugawiwa walimu; leo mwalimu wa Kaisho analitamka bila kutabasamu. *Butura*, jina la biashara ya kumnunulia mkulima kahawa yake ingali mtini, lilitoka Kagera likaingia katika magazeti ya taifa na vinywa vya viongozi bila kupitia orodha ya mtu, kwa sababu madhara yake yalionekana. Wakati huohuo wataalamu walitumia miaka mingi wakigombania jina la mashine yenyewe, *kompyuta*, *tarakilishi*, au lile *ngamizi* ambalo lilinuka maangamizi, huku vilivyomo ndani ya mashine vikiachwa na majina ya kukisia. Hata kazi nzuri ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilikuwa ni ya kuupa programu uso wa Kiswahili. Lugha ya siku programu inapogoma bado haijapata mlezi.

Maneno mengine tutayapitia upesi. *Kusafisha kompyuta*, katika karatasi zote, maana yake ni kufuta mafaili ya muda. Msomaji mmoja alichukua brashi akaifungua mashine na kuondoa vumbi jekundu lililoziba feni, na kompyuta yake ikapata nafuu kuliko ya jirani aliyefuta mafaili, kwa kuwa prosesa inayopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe. Tunaona Kiswahili kilimwongoza vema. Tuache kusafisha kuwe kusafisha, na mafaili *yafutwe*. Kadhalika programu isiyotakiwa *iondolewe*, isifutwe, maana aliyeambiwa afute programu hufuta alama yake ya skrini tu na programu ikabaki palepale.

*Kuboresha*, linapotumika kwa maana ya kuweka toleo kubwa zaidi la mfumo, ni neno la kibiashara. Linaahidi ubora kabla ya kupima mashine. Kwa kompyuta ya GB 2, toleo jipya mara nyingi ni mzigo mpya. *Kupandisha toleo* linatosha, na halimwahidi mtu chochote. Hapa pia karatasi nyingi zimepitwa na wakati: zinashauri Lubuntu kwa mashine za biti 32, ilhali toleo la mwisho la muda mrefu kwa mashine hizo, yaani 18.04, lilikoma kutengenezwa Aprili 2021. Mwenye mashine ya biti 32 atafute antiX.

Ili pendekezo lisibaki hewani, tumekiandika upya kifungu kikuu cha maelekezo kwa maneno tunayoyatetea:

"Kabla ya kununua chochote, fungua programu ya kuangalia kazi za mfumo, kisha fungua kivinjari na kurasa unazozitumia kila siku. Tazama ramu. Ikiwa imejaa na taa ya diski haipumziki, tatizo ni ramu: punguza kurasa, ondoa programu zinazojianzisha kompyuta inapowashwa, na ukipata fedha ongeza ramu ya kizazi kilekile kilichomo. Ikiwa ramu haijajaa lakini mafaili yanachelewa kufunguka, tatizo ni hifadhi: badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, hata ndogo. Ikiwa yote mawili ni sawa na kompyuta hupungua kasi baada ya kupata joto, isafishe feni. Mfumo mwepesi kwa ramu utakuachia nafasi zaidi ya kazi zako. Hautaongeza ramu isiyokuwepo."

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Ni lile la sehemu ya diski inayopokea vilivyohamishwa kutoka katika ramu iliyojaa. Karatasi nyingi husema *kubadilishana*, na msomaji huuliza nani anabadilishana na nani. *Ramu ya akiba* lilipendekezwa, nasi tunalipinga, kwa kuwa litamrudisha mnunuzi palepale penye kuchanganya ramu na diski. *Hamisho* linasema kweli kuhusu kinachotendeka, ila linasikika kama habari ya watumishi waliobadilishiwa vituo. Fundi mmoja wa Omurushaka huliita eneo hilo *ukumbi*, mahali ambapo mgeni huketi akisubiri nafasi ndani. Tunawaomba wasomaji, hasa mafundi na walimu wa Karagwe na Kyerwa, watuandikie kama neno hilo linatumika kwingine pia, na kama wanaoambiwa *ukumbi umejaa* wanajua la kufanya.